Nyaraka zipo, lakini kutafuta hakuleti kitu

SWALI: Nimepewa kazi ya kusimamia hazina ya maarifa ya mtandaoni ya ofisi yetu. Nimepakia nyaraka zote na kuzipanga kwa folda za idara, ndani yake mwaka, kisha mwezi. Bado wenzangu wanalalamika kwamba wakitafuta hawapati kitu. Muuzaji mmoja anatushauri tununue programu ya utafutaji yenye akili mnemba. Tununue?

JIBU: Msinunue kwanza. Fungua PDF mojawapo wanayoilalamikia, ujaribu kuchagua neno moja ndani yake na kulinakili. Likikataa, umeshika picha ya karatasi. Kutafuta neno humo ni sawa na kuita jina la mtu mbele ya picha yake ukitegemea aitike.

Hili nakutana nalo kila mara, na linanichosha. Watu wanaamini kwamba ilimradi faili ni PDF na limeshapakiwa, mfumo umelisoma. PDF ilianza mwaka 1993, na tangu hapo imekuwa chombo tu: ndani yaweza kukaa maandishi, yaweza kukaa picha, na jina la faili halikuambii kilichomo. Linaloniudhi zaidi ni kwamba nyingi ya picha hizo zilianza zikiwa maandishi safi kwenye kompyuta. Mtu anaandika waraka, anauchapisha, anausaini, anaugonga muhuri, anauskani, kisha anapakia skani na kuiacha ile asili ikafie kwenye kompyuta yake. Itafuteni hiyo asili, muihifadhi moja kwa moja kama PDF na kuipakia. Nakala yenye saini iambatanishwe kama ushahidi.

Pale asili ilipopotea, tumieni programu ya kutambua maandishi, ile inayofupishwa OCR. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, karatasi ikiwa imenyooka, na kagueni namba na majina kwa macho, maana sifuri hugeuka herufi O na moja hugeuka l bila kuaga. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembe, yenye kivuli, haitakusaidia sana.

Folda zako za mwezi zifute, ukishahamisha nyaraka zilizomo. Nani anakumbuka mwongozo wa likizo ulipakiwa mwezi gani? Ngazi mbili zinatosha, kwa mada, halafu lebo kutoka orodha moja mliyokubaliana. Kila mtu akibuni lebo zake mtakuwa na "likizo", "mapumziko" na "ruhusa" kwa jambo lilelile. Tarehe kwenye jina la faili ianze na mwaka, 2024-03-15, zitajipanga zenyewe. Na waraka ukirekebishwa, badilisha faili palepale lilipo kama toleo jipya. Usipakie "final", kesho yake "final mpya", kisha "final kabisa".

Sasa huyo muuzaji. Akili mnemba hujibu kwa kile ilichokipata. Ikikuta matoleo matatu ya mwongozo mmoja, inaweza kukupa lile lililoacha kutumika zamani, tena kwa lugha ya kujiamini kuliko mhasibu wako. Uchafu mliopakia hausafishwi kwa kuwekewa kisanduku kizuri cha kutafutia.

Wabaya zaidi ni wale wanaoahidi kuhamisha diski yote ya ofisi usiku mmoja. Wanahamisha kweli. Wanachokiacha nyuma ni ruhusa: nani aone nini. Kwenye diski ya zamani barua ya onyo la mfanyakazi ilijificha ndani ya folda saba ambazo hakuna aliyejisumbua kuzifungua, na watu wakadhani huo ndio usalama. Utafutaji haujali folda saba. Yeyote akikuletea ahadi hiyo, mwambie aanze na folda moja, kisha uingie kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, utafute neno "mshahara", uone kinachotokea.