Jana Kazi Hii Ilikuwa ya Nani? Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unauliza kama vile vitabu vya zamani vya mashine na wavumbuzi, ambavyo bado nimevihifadhi kwenye sanduku, vinamfaa mjukuu wangu ambaye sasa ametimiza miaka saba, au kama vimepitwa na wakati kiasi cha kumjaza mtoto matumaini yasiyo na msingi. Nitakujibu. Ila niruhusu nianze na kitabu kimoja, kwa maana naona kwamba kumpa mtoto hadithi hizo si jambo gumu. Lililo gumu ni kujua nani atamsimulia yanayofuata baada ya ukurasa wa mwisho.

Kitabu chenyewe ni Mike Mulligan and His Steam Shovel, alichokiandika na kukichora Virginia Lee Burton mwaka 1939. Mike ana katapila la mvuke, lile lenye kijiko kikubwa, na amelipa jina la Mary Anne. Pamoja wamechimba mifereji, wamepasua milima ili treni zipite na wamechimba misingi ya maghorofa. Kisha yanakuja makatapila ya petroli, ya umeme na ya dizeli, na hakuna tena anayewahitaji. Wanakwenda katika mji mdogo uitwao Popperville, na huko Mike anaahidi kuchimba shimo la msingi wa ukumbi wa mji kwa siku moja, na kwamba wasipomaliza hatadai malipo. Wanamaliza jua likizama, lakini kwa haraka waliyokuwa nayo wamesahau kujiachia njia ya kutokea. Ndipo mtoto mmoja anapotoa shauri kwamba Mary Anne abaki humo humo chini, awe tanuri la kulipasha jengo joto, na Mike awe mtunzaji wa jengo. Burton hakulibuni shauri hilo peke yake. Alilipata kwa kijana mmoja, naye akamshukuru kwa jina katika tanbihi ya kitabu. Tena ni vizuri ukumbuke kwamba William Otis, Mmarekani aliyebuni mashine ya kuchimba kwa mvuke, alipewa hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1839, kwa hiyo hadithi ya kustaafu kwa mashine hiyo ilichapishwa miaka 100 baada ya hataza ya kuzaliwa kwake.

Aliyekusomea kitabu hicho kwa mara ya kwanza ni mjomba wako, na mwaka wenyewe unaujua, sina haja ya kuutaja. Ujana wake wote alikuwa mpanga chapa. Aliokota herufi za madini ya risasi moja moja, akazipanga mistari, na alikuwa akisoma maandishi yaliyopinduka upesi kuliko sisi tunavyosoma yaliyonyooka. Kompyuta zilipoingia katika kiwanda alichofanyia kazi, yeye ndiye aliyekuja nyumbani akizisifu kuliko mtu yeyote, na hakuacha kuzisifu hata chumba cha wapanga chapa kilipofungwa na wenzake wakatawanyika. Yeye, kwa heshima ya miaka aliyotumika, aliambiwa kwamba angeweza kubaki akitunza stoo ya karatasi. Alikuwa hajajibu.

Usiku huo alisoma mpaka mwisho kwa sauti yake ile nzito, nawe ukaanza kulia. Ulisema, "Wamemfungia!" Akakujibu kwamba hawakumfungia, wamempa kazi. Ukasema kazi ya katapila ni kuchimba. Mjomba wako hakucheka, wala hakukuhimiza ulale. Alikaa akajadiliana nawe kama anavyojadiliana na mtu mzima mwenzake. Alikueleza kwamba humo ndani Mary Anne hanyeshewi, kwamba watu wanakuja kukaa naye na kumsimulia habari, kwamba makatapila wenzake yalitupwa yakaozea kutu ilhali yeye bado moto wake unawaka. Ukamuuliza, "Na akitaka kutoka?" Akasema labda hataki. Nawe ukamwuliza kama kuna mtu aliyemuuliza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mpaka leo nafurahi nikilikumbuka swali hilo, na mpaka leo linanichoma, kwa sababu miongoni mwa wote waliopanga hatima ya kaka yangu hakuna aliyefikiria kumuuliza. Siku chache baadaye aliikataa kazi ya stoo, na maisha yake yaliyofuata unayafahamu. Mara nyingine najiambia kwamba ulimpa ujasiri. Mara nyingine naona kwamba stoo ingemhifadhi vizuri, kwamba joto la chini ya ukumbi ni bora kuliko upepo wa nje, na kwamba mtu mwenye umri wake hakupaswa kusikiliza hoja ya mtoto asiyelipa kodi ya nyumba. Kisha nakumbuka uso wake alipokuwa akiikubali hoja hiyo, na ninashindwa kuendelea na lawama.

Hapo ndipo ulipoanza ule msemo wangu mliouchoka nyote nyumbani: mbele ya kila mashine, uliza jana kazi hii ilikuwa ya nani. Sikuutoa katika siasa. Niliutoa katika vitabu viwili vya aina tofauti ambavyo watu huvitenganisha, kimoja cha watoto na kingine cha wakubwa, ingawa kwangu ni hadithi moja iliyokatwa katikati. Hadithi ya watoto inakoma jioni ya sherehe, mashine ikiwa imefaulu na mji mzima ukishangilia. Riwaya ya mji mdogo inaanza asubuhi inayofuata.

Ukitaka ushahidi, chukua Poor White ya Sherwood Anderson, iliyotoka mwaka 1920. Hugh McVey, kijana wa kituo cha reli, anaiona familia ya mkulima ikitambaa shambani katika mwanga wa mwezi, ikipandikiza miche ya kabichi. Anaanza kuigiza mienendo yao usiku ili abuni mashine ya kuwapumzisha. Mpaka hapo ni hadithi ya watoto kabisa, tena nzuri, kwa kuwa mvumbuzi amemtazama mtu aliyeinama kabla ya kuitazama chuma. Lakini mashine hiyo haifanyi kazi, na wenyeji waliotia akiba zao katika kampuni wanazipoteza. Mashine zake nyingine zinafaulu, viwanda vinajengwa, na mji wa Bidwell unageuka usitambulike. Humo kuna Joe Wainsworth, fundi mzee wa kushona hatamu za farasi kwa mkono, ambaye mfanyakazi wake mwenyewe anamlazimisha kuuza hatamu zilizotengenezwa kiwandani. Mwisho wake anamwua mfanyakazi huyo. Anderson hakumfanya Joe kuwa mtu mwema. Alimfanya aonekane, na hilo ndilo ambalo waliotunga vitabu vya wavumbuzi hawakulifanya.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana hata wakubwa wenyewe hawakuwa na jibu moja. Katika The Magnificent Ambersons ya Booth Tarkington, iliyotoka mwaka 1918 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, kijana mmoja anayatukana magari mezani mbele ya Eugene Morgan, ambaye ndiye anayeyatengeneza. Eugene haoni haya kukiri kwamba huenda kijana anasema kweli, na kwamba labda magari hayataongeza uzuri wowote duniani. Namheshimu Eugene kuliko wavumbuzi wote wa vitabuni, kwa kuwa anaendelea na kazi yake akiwa na shaka hiyo moyoni.

Sasa nije kwenye vitabu vya Tom Swift, yule kijana mvumbuzi, kwa sababu najua ndivyo hasa ulivyokuwa ukiviwaza. Cha kwanza, cha pikipiki, kilitoka mwaka 1910, kikafuatwa na vya boti, chombo cha angani, nyambizi na gari la umeme. Jina la Victor Appleton lililo kwenye majalada ni la mtu asiyekuwapo. Kampuni ya Edward Stratemeyer ndiyo iliyowalipa waandishi waliotumia jina hilo. Wewe ulivipenda, na siwezi kusema uongo, mimi pia nilipenda kuona ulivyokuwa ukichora injini pembezoni mwa madaftari. Lakini ndani yake kuna mzee mweusi mwenye nyumbu, anayeishi kwa vibarua vya hapa na pale, na waandishi wamemfanya kichekesho tangu namna anavyozungumza. Ukiuliza katika vitabu hivyo jana kazi ilikuwa ya nani, unaonyeshwa yeye, kisha unaambiwa ucheke. Na kile cha bunduki ya umeme, cha mwaka 1911, kinamleta Tom huku Afrika kuwinda tembo, na watu anaowakuta ni washenzi wa kupigwa tu kwa uvumbuzi wake. Mhandisi Jack Cover alipotengeneza silaha ya umeme inayotumiwa leo na polisi wa nchi nyingi, aliiita Taser kutokana na kichwa cha kitabu hicho. Kwa hiyo usidhani kwamba hadithi za watoto hubaki kwa watoto.

Nina maoni yangu kuhusu kitabu hicho, na unayajua. Mkeo naye anafundisha watoto kila siku, na mtoto ni wenu, kwa hiyo sitatoa hukumu, ingawa nimeiandika na kuifuta mara kadhaa katika karatasi hii. Nitamtuma mdogo wako akuletee cha Mary Anne kwanza, na ningependa kumsomea mjukuu wangu mwenyewe nitakapokuja. Riwaya ya Anderson ibaki kwako mpaka awe na umri wa kuuliza jana kazi hii ilikuwa ya nani. Vya Tom Swift nimevifunga peke yake. Zungumzeni, kisha mniandikie kama niviweke kwenye mzigo au la.

Mama yako