Kabla ya kutaja jina, andika njia zote zinazowezekana

Mtu akikuletea kompyuta na kukuuliza nani alifuta faili, usianze na jina. Anza na hali uliyoikuta kwenye diski, kisha jiulize ni mfuatano upi wa matukio, au mifuatano mingapi, ungeweza kuifikisha hapo. Mimi ni mchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, na tabia hii sikuipata kwenye mafunzo ya kazi. Nimeipata kwenye lugha ya programu ambayo wenzangu wengi hawajawahi kuisikia.

Lugha hiyo ni Lucid, iliyobuniwa na Edward Ashcroft na William Wadge miaka ya 1970. Katika lugha tulizozoea, ukiipa x thamani mpya, ile ya zamani imekwenda. Katika Lucid, x ni mfululizo mzima wa thamani. Ukiandika n = 1 fby n + 1 (fby ni kifupi cha "followed by", yaani ikifuatiwa na), unasema n inaanza na 1, kisha kila hatua inaongeza 1 juu ya iliyotangulia. Hakuna kinachofutwa. Ukiuliza n ni ngapi, lazima useme kwenye hatua ipi. Lugha za aina hii huitwa za kiintensheni: usemi hauna thamani moja hadi utaje muktadha wake, uwe ni wakati, mahali au kitu kingine.

Mchunguzi anahitaji nidhamu hiyo kila siku. Chukua tukio la saa mbili usiku Dar es Salaam. Diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, italiandika 17:00, kwa kuwa inatunza saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Flashi ya FAT32, mpangilio mwingine wa faili, italiandika 20:00, saa ya kompyuta ilivyo, bila kutaja ukanda wa saa. Mlinzi wa zamu atasema "saa mbili", na karani asiye makini ataandika 02:00. Kwa hiyo kwenye jedwali langu muda haukai peke yake. Pembeni yake naweka umetoka wapi, ukanda wake, na saa ya kifaa hicho ilikuwa inakwenda mbele au nyuma kiasi gani siku tulipoichukua. Nenda hivyo hivyo: andika kwanza muda kama ulivyoukuta, ndipo uugeuze uwe wa ukanda mmoja.

Sasa njoo kwenye mfano ninaowapa vijana wanaoanza kazi hii. Ni wa Pavel Gladyshev, katika utafiti wake wa udaktari uliokamilika mwaka 2004 pale University College Dublin. Printa moja ina watu wawili tu wanaoweza kuitumia, Alice na Bob, nao wanachangia gharama zake. Alice anagoma kulipa, anasema hajawahi kuitumia. Printa ina orodha ya kazi. Kazi mpya huingia nafasi ya kwanza iliyo wazi. Ikishachapwa, nafasi huhesabika kuwa wazi, lakini jina la mwenye kazi hubaki hadi liandikiwe juu. Mtumiaji mmoja hawezi kuwa na kazi mbili zinazosubiri kwa pamoja. Mwanzoni orodha ilikuwa tupu. Mchunguzi anakuta nafasi ya kwanza ina jina la Bob, ya pili ina Bob, na zilizobaki ni tupu.

Ukitazama haraka utasema Alice anasema kweli, jina lake halipo. Lakini rudi nyuma hatua kwa hatua. Ili Bob aingie nafasi ya pili, ya kwanza lazima ilikuwa na kazi inayosubiri. Haiwezi kuwa ya Bob mwenyewe, maana printa isingempokea tena. Basi ilikuwa ya Alice, na baadaye Bob akatuma kazi nyingine iliyofunika jina la Alice. Kila historia inayoishia kwenye orodha ile inapita kwa Alice.

Serguei Mokhov wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliichukua kesi hiyo akaiandika kwa Forensic Lucid, lugha aliyoijenga katika tasnifu yake ya mwaka 2013. Humo kila ushahidi hubeba muktadha na uzito wa kuaminika kwake, hivyo neno la Alice linaweza kuandikwa humo hata kama linapingana na hali ya printa.

Huna haja ya kuisakinisha ili ufaidike. Kwa mfumo mdogo, kalamu na karatasi vinatosha. Kwa mfumo mkubwa historia huongezeka mno, kwa hiyo chagua swali moja dogo, kisha ulijibu kikamilifu.

Ila chunga kanuni unazozitegemea. Printa ile ingekuwa inakubali kazi mbili za mtu mmoja, hoja yote dhidi ya Alice ingeanguka. Tafuta kifaa cha toleo lile lile, kisha ukifanyie majaribio mwenyewe. Kuna mashine ya mahudhurio ya alama za vidole niliyoichunguza ambayo mwongozo wake ulidai kumbukumbu ikijaa inakataa kurekodi. Tulipoijaza, ilianza kufuta rekodi za zamani kimyakimya. Siku ambazo mfanyakazi alituhumiwa kutofika kazini zilikuwa ndizo za zamani kabisa kwenye mashine. Kwenye ripoti niliandika historia mbili zinazolingana na rekodi, moja akiwa amekuja na nyingine akiwa hakuja, na kwamba mashine ile haiwezi kuzitofautisha. Mwajiri hakufurahi. Ripoti ilibaki hivyo.