Simu ya video kati ya Windows, Linux na Mac
Ndugu yangu, umeeleza kwamba wewe uko Sinza na kompyuta ya Windows, mdogo wako aliyeko Mwanza anatumia Linux, na dada yenu wa London ana Mac, nanyi mnatafuta programu moja ya kuonana kila Jumapili. FaceTime, programu ya Apple ya simu za video iliyomo kwenye Mac, iacheni: tangu 2021 mtu wa Windows anaweza kujiunga kwa kiungo kupitia kivinjari, lakini hawezi kuanzisha mazungumzo, hivyo kila mara mtamsubiri dada. Skype, ambayo wengi bado huitaja, ilifungwa Mei 2025.

Mimi ningechagua Jitsi Meet, kwa kuwa hufunguka ndani ya kivinjari kama Chrome au Firefox bila kusakinisha chochote. Anayeanzisha kikao kwenye tovuti yake, meet.jit.si, ndiye anayetakiwa kuingia kwa akaunti, kwa mfano ya Google, na wengine hubofya kiungo tu. Zoom nayo ina programu za mifumo yote mitatu, ila kikao cha bure hukatika baada ya dakika 40, muda ambao kwa familia zetu huishia kwenye salamu. Bando likiwa dogo, zimeni kamera mbakize sauti, maana picha ndiyo inayokula data.