Hamsini, sumu na kibla katika pepo za jangwani

Mwalimu, nasikia Misri kuna upepo wa joto uitwao khamsin. Ndiyo hamsini yetu ya kuhesabia?

Ndiyo hiyo hiyo, sote tumeitoa kwenye Kiarabu. Wamisri huhesabu kama siku 50 za majira ya kuchipua, hasa kati ya Machi na Mei, ambazo upepo huo huweza kuvuma. Hauvumi mfululizo. Huja siku moja au mbili, ukatulia, kisha ukarudi. Kanieneo ndogo ya hewa, yaani eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, hupita kando ya pwani ya Mediterania ikielekea mashariki, na njiani huivuta hewa ya Sahara kutoka kusini. Cairo hupanda joto kwa saa chache tu, hata kupita nyuzi 40. Anga huwa rangi ya chungwa, na vumbi hupenya madirisha yaliyofungwa likatanda mezani, kwenye mkate, mpaka kwenye kope.

Na samum je? Ni upepo wenye sumu kweli?

Jina linatokana na mzizi ule ule uliotupa neno "sumu", lakini hewani hamna sumu. Kinachoua ni joto na ukavu: jasho hukauka kabla hujalihisi, mwili ukaishiwa maji. Ni jina la kale. Wasomaji wa Kurani watalikumbuka katika Surat Al-Hijr, aya ya 27, panapotajwa moto ambao majini waliumbwa kwao.

Na upepo wa sirocco? Hilo ni neno la Kiitaliano, sivyo?

Kwa matamshi, ndiyo. Asili yake ni "sharq", neno la Kiarabu lenye maana ya mashariki, na ndimo ilimotoka "mashariki" yetu. Upepo wenyewe huondoka Afrika ukiwa mkavu, hunywa maji ya bahari, na kufika Sicily ukiwa na unyevu unaochosha.

Mwanangu anapenda katuni za Studio Ghibli. Ni kweli jina hilo ni la upepo?

Kweli kabisa, na nimefurahi umeuliza. Walibya huita "gibli" upepo wa moto utokao kusini, neno la ukoo mmoja na "kibla". Waitaliano walipoitawala Libya walilichukua, wakaipa ndege yao moja jina hilo. Hayao Miyazaki, mwongozaji wa katuni na mpenzi mkubwa wa eropleni, akalichagua kwa studio iliyoanzishwa Japani mwaka 1985. Wajapani hutamka "jiburi". Mwanao akitamka "gibli", yuko karibu zaidi na Walibya.