Jibu: Meli ikikata mkongo wa baharini eneo la vita, nani anashtakiwa?

Mkuu, nje ya maji ya nchi bendera ya meli ndiyo inayoamua zaidi, hata hasara iwe kubwa namna gani. Kifungu cha 113 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinaitaka kila nchi iadhibu ukataji wa mkongo kwenye bahari kuu, wa makusudi au wa uzembe, lakini kwa meli zake na watu walio chini ya mamlaka yake tu. Kesi hufia hapo. Meli ya mafuta Eagle S, yenye bendera ya Visiwa vya Cook, iliburuza nanga karibu kilomita 90 Ghuba ya Ufini Desemba 2024. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikaitupa kesi: uharibifu wa mikongo ulitokea nje ya maji ya Ufini.

Vitani ni kugumu zaidi. Mkataba wa nyaya wa 1884, kifungu cha 15, hauzibani nchi zinazopigana. Meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, Februari 2024, mabaharia wakaiacha. Inaaminika nanga yake ndiyo iliyokata mikongo mitatu Bahari ya Shamu, ukiwemo Seacom unaofika Mombasa na Dar. Uzembe wa nani hapo?

Kwa kampuni yenye mkongo, ushahidi ni haya: rekodi za AIS (mfumo unaoonyesha meli ilipo), sekunde mawasiliano yalipokatika kwenye kituo cha mkongo, picha za sona (za sakafu ya bahari, zinazopigwa kwa sauti) za mfereji uliochimbwa na nanga. Na kipande kilichokatwa kisitupwe baada ya kuunga.

Ukidukuliwa mfumo wa kituo cha mkongo cha nchi kavu, afadhali, maana sheria ya nchi yenyewe inatumika: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ya 2018.