Jibu: Podikasti kwenye tovuti yako au huduma ya kukodi?
Ndugu, umeuliza kama podikasti yako ikae kwenye tovuti yako ya WordPress au kwenye huduma maalumu ya kuhifadhi podikasti. Mimi ningetenganisha mambo mawili: faili za sauti na anwani ya mlisho wa RSS, yaani orodha ya vipindi vyako ambayo programu za podikasti huisoma mtandaoni. Faili zinahamishika wakati wowote. Anwani ndiyo roho ya kazi, maana Apple Podcasts haikuhifadhii sauti. Inasoma mlisho tu, na wasikilizaji wako wanakufuata kupitia hapo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, waulize wenye huduma: nikiondoka, mtaniwekea uelekezaji wa 301 (unaopeleka kila anayefungua anwani ya zamani) kwenda anwani mpya, na kwa muda gani? Apple wanataka udumu walau wiki nne, pamoja na tegi ya itunes:new-feed-url, mstari ndani ya mlisho unaotaja anwani mpya. Wakizungukazunguka kujibu, achana nao hata kama ni bure. Ikiwezekana, mlisho upite kwenye domeni yako mwenyewe. Hapo hakuna wa kukubana. Na ukihama, guid (kitambulisho cha kipekee) ya kila kipindi ibaki ileile, la sivyo simu za watu zitadhani vipindi vya zamani ni vipya na kuanza kuvipakua tena.

Sauti yenyewe, tafadhali usiiweke kwenye seva ya tovuti ya kawaida. Kipindi cha dakika 60 kwa kbps 128 (kiasi cha data ya sauti kwa sekunde) ni takriban MB 58. Wakikipakua watu 1,000, seva inatoa GB 58 kwa kipindi kimoja tu. Tovuti ibaki na maandishi na kicheza sauti, faili zikae kwenye huduma ya podikasti.