Mdogo wangu ana tatizo la haiba: je, ni saikopathi?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 24. Hospitali wamesema ana tatizo la haiba ya kupinga jamii. Nikamjazia maswali kumi niliyoyapata mtandaoni, majibu yakaja kwamba ni saikopathi. Ni kitu kimoja?

JIBU: Si kitu kimoja, na hayo maswali kumi yafute leo hii.

Hospitali wameangalia hasa mwenendo. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unataka angalau dalili 3 kati ya 7: kuvunja sheria, uongo, kukurupuka, ugomvi, kuhatarisha usalama, kutowajibika na kutojuta. Angalia vizuri: kutojuta ni moja tu kati ya hizo saba. Mdogo wako anaweza kufikisha dalili hizo tatu na bado akalia usiku kwa aliyoyatenda. Usaikopathi kiini chake ni huko kwenye hisia: huruma hakuna, majuto hakuna, ulimi mtamu wa kuwatumia watu. Wengi wenye usaikopathi wana pia tatizo alilonalo mdogo wako, ila kinyume chake si kweli. Magerezani karibu nusu ya wanaume wana haiba ya kupinga jamii. Masaikopathi ni wachache zaidi.

Kipimo cha usaikopathi cha Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, kina vipengele 20, alama za juu kabisa 40, na Marekani mpaka uliozoeleka wa kumhesabu mtu kuwa saikopathi ni 30. Anayekitumia amefunzwa. Humhoji mhusika kwa kirefu, kisha hupekua mafaili yake, kwa kuwa maneno ya mtu wa namna hiyo hayaaminiki peke yake. Wewe umejaza kwa niaba ya mtu uliyemkasirikia. Umepima hasira yako, basi.

Nasema kwa ukali kwa sababu wanaletwa kwangu kila mara: mume kapachikwa usaikopathi na mshauri wa video fupi, mchumba kasomwa macho kwenye picha. Macho! Wakishapewa jina hilo, nyumbani wanakata tamaa, na hakuna anayeuliza habari za pombe, dawa za kulevya, sonona au jeraha la kichwa, mambo ambayo yana matibabu.

Wanaonikera kuliko wote ni wanaombandika mtoto wa miaka 12 jina la saikopathi. Hata hilo tatizo la haiba haturuhusiwi kulitaja kwa aliye chini ya miaka 18. Anayekuuzia kipimo cha mtoto cha namna hiyo, usimpe hata senti, na mtoto mpeleke kwa daktari wa afya ya akili ya watoto.